Mto Wangu Uliopanda Mlima

Kiwanda kilipouzwa, na sisi wachora michoro tukaambiwa twende nyumbani, nilikaa Morogoro mjini nikiandika vibao vya maduka mapya, maana siku zile kila mtu alikuwa anafungua duka. Ndipo mradi mmoja wa maji ukaniita. Walitaka ramani za vijiji vya Uluguru, kubwa, za rangi, za kubandika ukutani. Nikifanya vizuri kijiji cha kwanza, vilivyobaki vyote vyangu. Mwenzenu nilitembea nacheka peke yangu.

Ile ramani niliipamba jamani! Msitu kijani cha aina tatu, kila nyumba nukta yake, mto wa buluu. Kijiji chenyewe kiko kwenye mteremko wa kaskazini. Nami, kama nilivyofundishwa, kaskazini nikaiweka juu, kwa hiyo kilele cha mlima kikaangukia upande wa chini wa karatasi, na barabara ya bondeni upande wa juu.

Mimi na mtaalamu wa mradi tuliibandika kwenye ukuta wa darasa la shule, wanakijiji wamejaa. Bibi mmoja wa kitongoji cha juu akaisogelea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, fundi. Mbona mto wako unapanda mlima?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, huku moyoni nasema hawa hawajui ramani. Ujuaji wangu huo.

Fedha zilitosha bomba moja tu. Likae juu, ambako akina mama walishuka bondeni na ndoo kila siku, au chini barabarani, penye kisima tayari? Kila mtu alipewa kipande cha karatasi nyekundu, akibandike kwa uji wa muhogo pale anapotaka bomba. Bibi akatangulia. Akajinyoosha kwa ncha za vidole, akabandika juu kabisa. Barabarani!

Lo! Kwao juu ya ukuta ndiyo juu ya mlima, basi. Nani angehangaika na maandishi yangu madogo ya mikogo kutafuta kwake mwenyewe? Wa pili akabandika palepale, na wa tatu. Kusema kungekuwa kukiri mbele ya yule mtaalamu wa mradi kwamba ramani yangu haisomeki, na vijiji vingine kwaheri. Nikajitia kukoroga uji, eti umekuwa mzito.

Mtaalamu akautazama ule wekundu, akaridhika. "Safi sana. Bomba barabarani."

Wenye maduka ya barabarani wakatazamana, hawaamini bahati yao. Bibi akanigeukia mimi, si mtaalamu. "Mwanangu, nimebandika wapi?"

Utani ulikuwa umemwisha usoni.

"Barabarani, bibi. Kosa ni langu."

Nikaibandua ramani, nikaigeuza, maandishi yangu yote miguu juu. Mtaalamu akafoka kwamba dunia nzima kaskazini iko juu.

"Basi mwambieni huyu mtaalamu akachote maji huko kaskazini," bibi akasema, na kicheko kikarudi. Wakabandika upya. Bomba likaenda juu.

Vijiji vilivyobaki akapewa mchoraji mwingine. Bibi alinisindikiza mpaka mwanzo wa mteremko, akanishukuru, kisha akauliza, "Kosa uliliona lini?"

Ningeweza kudanganya. "Karatasi ya kwanza ilipogusa ukuta."

"Ya kwanza ilikuwa yangu," akasema, wala hakucheka. Nilishuka mpaka mjini naona haya.