Kwini, Sita, Nne

Nina nyumba Bunju, chumba changu na vingine vinne vya kupangisha, na wapangaji nimewaona wa kila namna. Lakini mpangaji aliyegonga viganja kabla ya kupokea sahani ya chakula ni Salsabil peke yake. Anagonga mara moja, anavigeuza juu, anavigeuza chini, ndipo anapokea. Siku ya kwanza nilidhani ananifanyia mzaha, nikataka kuirudisha sahani jikoni.

"Samahani, Mama Fredi," akasema. "Ni kazi tu. Nimezoea mpaka nikiota naifanya."

Kazi yenyewe ilikuwa kugawa karata kwenye kasino, ndani ya hoteli moja ya mjini. Mgawaji akiondoka mezani, au hata akijikuna shingo, lazima aonyeshe viganja vyote viwili ili kamera ione hakuficha kitu. Mie Mkristo wa Masasi, mjane, sikuwa na neno na kasino wala na karata. Aliyekuwa na neno ni baba yake.

Baba yake ni Mzee Matar, mwenye duka la mchele na sukari Tandale, Mwarabu ambaye babu yake alizaliwa humuhumu nchini. Mkewe Wahiba alifariki watoto wakiwa wadogo, naye hakuoa tena. Alimlea Salsabil na kaka yake mkubwa, Suhaib, nyuma ya duka, kati ya magunia. Karata Salsabil alifundishwa na baba huyohuyo. Alasiri za mwezi wa Ramadhani, wakingoja adhana ya magharibi, walicheza arubastini bila hata senti, na mshindi alichagua tende ya kwanza. Vile vidole vyepesi ambavyo mabosi wa kasino walivisifu vilifunzwa na mzee aliyevaa kanzu na kikofia, kwenye mkeka. Jambo hilo lilimtesa Salsabil kuliko yote.

Nyumbani alisema anafanya kazi mapokezi. Uongo huo ulidumu mpaka Ijumaa moja alipomsaidia baba yake dukani. Alimpimia mteja sukari, akamrudishia chenji, kisha bila kufikiri akagonga viganja na kuvigeuza. Mteja yule akaangua kicheko.

"Sista, hata huku? Si mie nilikuwa mezani kwako juzi, ukanila hela zote!"

Mzee Matar hakupiga kelele. Alimngoja mteja aondoke, akavuta kigoda, akamwambia mwanawe, "Nieleze huo mchezo wenu."

Salsabil akaueleza. Aliueleza vizuri, kama alivyonieleza mie baadaye barazani kwangu tukiweka kunde badala ya chipu, vile vidude vyao vya kuwekea dau, na nitausema hapa kwa sababu bila huo mtu hawezi kuelewa kilichotokea. Unaweka dau. Unapata karata tatu, na mgawaji anapata zake tatu, zimefunikwa. Ukiangalia zako, una mambo mawili tu: kuziweka chini upoteze dau lako, au kucheza kwa kuongeza dau jingine sawa na la kwanza. Mgawaji akifunua, lazima awe na bibi au zaidi ya hapo. Wenyewe kasino wanamwita kwini. Akikosa kwini, hachezi: unalipwa dau la kwanza na la pili unarudishiwa, hata kama karata zako ni takataka. Na anakosa kama mara tatu katika kila kumi. Akiwa naye, mnalinganisha karata, na mwenye kubwa anashinda madau yote mawili.

Mie nilikuwa mchezaji wa hovyo. Niliziweka chini karata zangu kila nilipokosa jozi. Salsabil alikuwa akinicheka.

"Mama Fredi, jozi inakuja mara moja katika mara sita hivi. Ukiisubiri, kunde zako zote nitazila. Kwini, sita, nne. Ukipata hizo au zaidi, cheza. Chini ya hapo, weka chini. Basi."

"Kwini, sita, nne? Si uchafu huo?"

"Uchafu, ndiyo. Lakini unatosha kuchezea."

Siku ile dukani, Mzee Matar alisikiliza yote hayo mpaka mwisho. Kisha akauliza swali la mfanyabiashara: mtu akizifuata kanuni hizo zote bila kukosea, kutwa nzima, anarudi kwake na faida?

Angeweza kudanganya. Watu wa kawaida tungedanganya. Yeye akasema, "Hapana, baba. Anaweza kubahatika siku moja. Lakini akikaa sana, katika kila mia anayoweka dau, kasino inabaki na kama tatu."

"Mie nikipima sukari, mteja anaondoka na sukari," mzee akasema. "Wako anaondoka na nini?"

Salsabil akaichukua mizani, akaanza kuifuta. Baba yake akamwambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba yeye ni mwanawe na mlango uko wazi, ila chochote kilichonunuliwa kwa pesa ya karata hakitapita kooni mwake. Mtoto akaona aibu ya kukaa kwenye nyumba ambayo baba anasukuma sahani yake pembeni. Akahamia kwangu Bunju, akalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama kawaida yetu mjini hapa, na kodi ile nikanunulia gunia la mkaa, mtungi wa gesi na mabati.

Kila Ijumaa alipika, akapeleka Tandale. Kila Ijumaa Suhaib alimrudishia chombo kikiwa kimejaa. Nilichukia! Nilimwambia Salsabil kwamba huyo mzee ana roho ngumu, na yeye naye ana roho ngumu, wamefanana mpaka kisogo. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, baba yake ale tena kutoka mkononi mwake, na hakukitafuta kwa njia nyepesi.

Aliacha kazi. Nikafurahi, nikasema sasa yamekwisha, pika upeleke. Akatikisa kichwa. Akiba yote aliyonayo ni ya kasino, akipikia hiyo amefanya nini? Basi yule binti aliyekuwa akivaa shati jeupe na kizibao cheusi akaanza kufua nguo za majirani kwa malipo. Vidole vile vilichubuka na kuvimba kwa sabuni. Pesa ya kufua ndiyo iliyonunua unga wa kwanza, mafuta ya kwanza na kikopo cha kwanza cha mkaa. Akawa anakaanga visheti, anauza pale njia panda. Senti za visheti aliziweka kwenye kopo la maziwa, mbali na mkoba wake, zisigusane na zile nyingine. Nilikuwa nikimtania kwamba pesa haziambukizani mafua. Hakucheka.

Aliuwekea nia mkate wa kumimina. Ndio Mzee Matar aliokuwa akiupenda, na tangu mkewe afariki aliyejua kuupika kwa namna ile alikuwa Salsabil.

Jumatano Suhaib akapiga simu. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Baba hayuko sawa, moyo unamsumbua. Anakuulizia. Njoo kesho."

"Kasema nini?"

"We njoo tu. Atakwambia mwenyewe."

Siku hiyohiyo akamaliza pesa za kopo: mchele, nazi mbili, sukari, hamira, iliki. Akauloweka mchele. Alhamisi asubuhi akausaga, akautia tui na hamira, na mpaka saa sita rojo lilikuwa limeumuka vizuri, linatoa vipovu. Mkate huo unataka moto chini na moto juu, kwa hiyo mkaa wake unakwenda mwingi. Akafungua kifuko chake. Mlikuwa na vipande vya kuchemshia chai tu.

"Chukua wangu," nikasema. "Gunia si lile pale?"

Akaliangalia gunia. Nikaona uso unabadilika, nikajua anachofikiri kabla hajasema.

"Ulilinunua kwa kodi yangu, Mama Fredi."

"Salsabil!"

"Ya kasino."

"Basi gesi, uoke kwenye sufuria kubwa." Halafu nikakumbuka gesi nayo. Nikamwambia akaombe mkaa kwa Apolonia, mpangaji wangu wa chumba cha mwisho. Akasema cha kuomba si cha jasho lake. Nikamwambia basi aende hivyo hivyo, mzee kamwita yeye, hakuita mkate. Akasema baada ya miezi yote ile hawezi kumwendea baba yake mikono mitupu.

Hapo nikapandwa na hasira kwelikweli. "Wewe si ndiye uliyenifundisha? Kwini, sita, nne! Mtu anaita, mlango uko wazi, nazi umeitolea jasho, mchele umeutolea jasho. Hizo hazitoshi kuchezea? Unasubiri jozi?"

Nadhani alinisikia. Lakini akasema, "Ile ilikuwa kunde, mama. Huyu ni baba yangu. Kwake sitaki kubahatisha."

Akamtumia Suhaib ujumbe kwamba atafika kesho mapema. Akaenda kufua mashuka ya watu. Rojo haliwezi kungoja, lilichacha, likamwagwa nyuma ya choo, na pesa ya mashuka ikabidi inunue tena mchele na nazi pamoja na mkaa.

Ijumaa asubuhi mkate ulitoka. Nimekula mikate mingi, sijaona kama ule: mweupe ndani, juu umepata rangi, iliki inanukia mpaka barabarani. Aliuangalia kama mtu anayemwangalia mtoto wake aliyezaliwa. Alikuwa anaufunga kwenye kitambaa simu ilipolia. Aliipokea akiwa anatabasamu.

Sitaeleza alivyolia. Mtoto wa watu alilia.

Tulikwenda pamoja msibani Tandale, na mkate aliubeba, hakutaka kuuacha. Ndani kina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wengine wanasoma Kurani kwa sauti ya chini. Salsabil akaweka mkate wake mezani katikati ya vyombo vya msiba. Halafu, mbele ya watu wote, akagonga viganja, akavigeuza juu, akavigeuza chini. Wanawake wakatazamana. Mimi nikaishika mikono yake, ilikuwa inakwaruza kama msasa, nikaiweka mapajani mwangu.

Jeneza lilipokwisha kutoka, yeye akabaki na wanawake kama ilivyo desturi yao. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Suhaib akaja kukaa nasi. Macho yalikuwa yamemvimba. Akauona mkate, akaufunika tena na kitambaa.

"Jana alikungoja," akasema. "Alikaa kwenye kiti chake mbele ya duka tangu adhuhuri, kaniambia nimtolee sahani na kisu. Nilivyomwambia umesema kesho, akasema sawa, lakini hakutaka sahani irudishwe ndani."

Salsabil akauliza kama baba alijua kwamba ameacha kazi, kwamba sasa anafua nguo na kuuza visheti.

"Hakujua," Suhaib akasema. "Ulinikataza nisimwambie mpaka ulete mwenyewe. Yeye alisema tu, 'Akija leo, chochote atakachokuja nacho nitakula. Nimechoka kurudisha vyombo vya mwanangu.' Alitaka akwambie yeye."

Nje watu walikuwa wanakunja turubai. Salsabil akanigeukia mie, si kaka yake, kwa sababu mie ndiye niliyekuwepo na gunia langu la mkaa.

"Angekula, Mama Fredi?" akaniuliza. "Hata wa mkaa wako?"

Nilitamani sana kumdanganya.

"Angekula, mwanangu," nikasema.