Mtu Aliyekuwa Akiandika kwa Jina Langu

Ndugu wananchi wa mtandao, wazazi, walezi, na wewe unayesoma hapa huku bosi anadhani unafanya kazi.

Kwa heshima na taadhima, natangaza rasmi kwamba mimi ndiye Mtunzaji Mkuu wa Mwongozo wa Kiota, programu inayotumiwa na watu wengi kuliko mnavyodhani.

Cheo nilijipa mwenyewe.

Kazi nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Sasa tulieni niwasimulie. Likizo hii, kila asubuhi, nikiwa nimelala usingizi wa mtu asiye na dhambi, kuna mtu alikuwa anaingia mtandaoni na kufuta kazi yangu.

Tena kwa jina langu.

Jina langu, picha yangu, na mimi mwenyewe nakoroma.

Kiota ni programu huria. Maana yake ni ya bure, na yeyote anaweza kuifungua, kuona ilivyoundwa na kuirekebisha. Inaendesha mashine ya kutotolesha vifaranga. Inapima joto, inageuza mayai, inapiga kelele umeme ukikatika.

Aliyeiunda tunamwita Mhandisi. Anaishi mbali, hatujawahi kuonana. Kila akitoa toleo jipya, kitu kinahama mahali pake, na mwongozo ulioko mtandaoni inabidi uhame nacho. Hapo ndipo ninapoingia mimi na cheo changu.

Na mtumiaji namba moja wa Kiota ni Shangazi yangu, ninayekaa kwake kila shule ikifungwa.

Mashine iko chumba cha nyuma. Ni mali ya kikundi chao cha akina mama, yeye ni mlezi tu. Trei za juu ni mayai ya wanakikundi. Trei ya chini ni yake mwenyewe.

Awamu iliyopita mayai yaliharibika, kwa sababu Shangazi alifuata ushauri wa jirani. Mwenyekiti wa kikundi akaja, akatazama yale mayai yaliyooza, akasema kwa sauti ya upole iliyotisha kuliko kelele, "Mwenzetu, na ya awamu ijayo yakiharibika, mashine inahamia kwa mtu mwingine."

Shangazi alikuwa ameshaacha kazi ya kushona nguo ili ailee hiyo mashine. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka kama maiti.

Mimi, kwa hekima zangu, nikamketisha chini nikamwambia, "Shangazi, kuanzia leo usimsikilize mtu yeyote. Ukiambiwa hivi na mwongozo unasema vile, fuata mwongozo."

"Hata nikiambiwa na wewe?"

"Hata mimi."

Nilijiona mwanazuoni. Likumbukeni hilo neno, "hata mimi".

Basi Mhandisi akatoa toleo jipya. Zamani, kitufe cha nne kilisimamisha ugeuzaji wa mayai, jambo linalotakiwa siku za mwisho ili kifaranga ajipange kutoka. Toleo jipya likajiweka lenyewe kwenye mashine ya Shangazi na kuvuruga kila kitu. Kitufe cha nne sasa kinazima joto. Cha kusimamisha ugeuzaji ni cha tano.

Umeelewa hatari? Ukifuata ukurasa wa zamani, unawazimia moto viumbe waliobakiza siku chache kuzaliwa.

Jumatatu nikachukua simu, nikarekebisha ukurasa. Cha nne nikafuta, cha tano nikaweka. Nikajipongeza kwa soda.

Jumanne asubuhi nikafungua ukurasa kuitazama kazi ya mikono yangu.

"Bonyeza kitufe cha nne."

Nikapangusa macho. Nikapangusa simu.

Juu ya ukurasa paliandikwa: "Ukurasa huu umehakikiwa leo." Chini yake, jina langu. Saa kumi na mbili kamili asubuhi.

Saa kumi na mbili asubuhi mimi, wakati wa likizo? Anayenijua anajua huo ni uzushi.

Nikarekebisha tena. Nikabadilisha neno la siri.

Jumatano asubuhi, cha nne.

Hapo nikaanza kuhesabu siku. Shangazi alishasema Ijumaa ndiyo siku ya kusimamisha ugeuzaji.

Utaniuliza, kwa nini hukumwambia tu Shangazi? Swali zuri. Kwa sababu ningelazimika kumwambia kwamba mwongozo niliomwapisha aufuate kufa na kupona umeingiliwa na mwizi. Heshima yangu ingeenda wapi? Nikasema moyoni, nitamkamata kabla ya Ijumaa.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa wazi. Bundi.

Bundi ni mchangiaji mwenzangu kwenye mradi, wa nchi nyingine. Tumejuana kwa maandishi tu na hatupendani. Miezi michache nyuma aliniandikia mbele ya wote:

"Mtunzaji Mkuu, kila ukurasa wako unasema umehakikiwa leo. Hata siku ulizosema uko bweni na simu hamruhusiwi. Unahakiki ndotoni?"

Watu wakacheka. Sikusahau.

(Kuna jambo dogo hapo sijalieleza. Halina umuhimu. Tuendelee.)

Nikamwandikia Mhandisi, mbele ya wote, waraka mzito wenye maneno kama "hujuma" na "adui wa maendeleo". Nikamtaja Bundi. Mhandisi ni mtu wa haraka, akamfungia Bundi asiandike chochote mpaka uchunguzi ukamilike.

Bundi akaniandikia faraghani mstari mmoja: "Sijagusa kurasa zako. Ila nakushukuru kwa kunifahamisha wewe ni mtu wa namna gani."

Nikajibu kwa kidole gumba. Shujaa.

Alhamisi asubuhi: cha nne.

Na ujumbe kutoka kwa Mhandisi: "Kijana, nimefuatilia. Hayo mabadiliko yanatoka kwenye intaneti ileile unayotumia wewe. Mtu wako yuko ndani ya nyumba yenu."

Nilisoma ule ujumbe nikiwa mezani, kikombe cha chai mkononi. Nikainua macho taratibu.

Mezani tulikuwa watatu. Mimi, Shangazi, na binamu yangu Profesa, mtoto wa Shangazi, fundi wa redio na simu. Haachi kitu kizima mpaka akifungue aone kwa nini ni kizima.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Profesa akauliza.

"Nakuangaliaje?"

"Kama mlezi wa bweni aliyekamata mwanafunzi na sigara."

"Leo uliamka saa ngapi, kaka?"

"Saa ya kuamka watu wanaofanya kazi. Wewe hutaijua."

"Na ulipoamka, ulishika nini kwanza?"

Profesa akaweka mkate chini. "Mama, huyu mtoto ana homa?"

"Mwache," Shangazi akasema. "Amefunga shule, akili bado haijafika."

Moyoni nikaandika: mshukiwa amekwepa swali.

Jioni ile nikarekebisha ukurasa kwa mara ya mwisho. Kisha nikafanya jambo ambalo historia itanihukumu. Nikaichukua simu ya Profesa na kompyuta yake ya kazini, nikavifungia kwenye sanduku langu la shule, lenye kufuli la kweli, lile ambalo limeshinda wezi wa sukari miaka mitatu.

Nikamsikia anazunguka nyumba. "Mama, umeona simu yangu?"

"Ulipoiweka ndipo ilipo, baba."

"Nimeiweka hapa!"

"Basi ndipo ilipo."

Nikalala nikitabasamu.

Ijumaa nikaamshwa na jua usoni. Nikafungua simu.

"Bonyeza kitufe cha nne. Ukurasa huu umehakikiwa leo."

Sanduku limefungwa. Ufunguo shingoni mwangu. Kwa hiyo si Profesa.

Nyumba nzima alikuwa amebaki mtu mmoja.

Shangazi?

Nilikaa kitandani namfikiria kwa jicho la polisi. Mama mtu mzima, anaamka kabla ya wote, simu haimtoki mkononi. Na wakati namfikiria hivyo, likanijia wazo lingine, baridi kama maji ya kisima. Leo Ijumaa. Anaamka kabla ya wote. Ana simu mkononi.

Anasoma mwongozo.

Nilitoka mbio na kaptura, nikajigonga kwenye cherehani, nikafika chumba cha nyuma nahema.

"Shangazi, usibonyeze!"

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, miwani puani, ametulia.

"Nimeshabonyeza zamani. Cha nne, kama ulivyoandika."

Niliangalia kioo cha mashine. Joto lilikuwa limeshuka, tena si kidogo. Nikarukia vitufe, nikawasha joto, nikabonyeza cha tano. Kwa haraka nilikosea mara ya kwanza.

"Ni cha tano, Shangazi! Cha nne kinazima joto!"

"Unasema cha tano. Mwongozo unasema cha nne. Uliniambia nifuate nini?"

Nikatazama tena kipimo cha joto.

Akashika ule mlango wa kioo, akaweka kiganja juu yake kusikiliza joto.

"Nani ameandika cha nne?" akauliza taratibu. "Hapa pana jina lako. Panasema umehakikiwa leo. Leo umehakiki saa ngapi?"

"Si mimi, Shangazi. Kuna mtu anaingia kwa jina langu. Mtu wa humu ndani."

"Nani wa humu ndani?"

Bahati mbaya Profesa akatokea mlangoni wakati huohuo. "Mimi natafuta simu, yeye anatafuta mwizi," akasema. "Tuungane." Kisha akainamisha kichwa. "Hebu nyamazeni."

Tukasikiliza.

Chini ya meza ya mashine palikuwa na kitambaa, na chini ya kitambaa kitu kinavuma, vuuu, kama nyuki aliyefungiwa kikopo.

"Hicho kila siku alfajiri kinazidisha kelele," Profesa akasema. "Nilidhani ni cha mashine."

Akafunua.

Laptopu yangu ya zamani. Kioo kimepasuka, cheusi tii. Nilipofunga shule niliikuta hivyo, nikaamua imekufa, nikaisahau.

Pembeni yake taa ndogo ya kijani ilikuwa inanikonyeza.

"Hii si ulisema nisiizime?" Shangazi akasema. "Siku unaenda shule ulinishika mkono kabisa. 'Shangazi, hii ina kazi muhimu, usiichomoe kwenye umeme hata kwa dakika.' Trei iliidondokea ikapasuka kioo, nikaogopa kukuambia. Lakini kuchomoa sijachomoa."

Lile jambo dogo lisilo na umuhimu. Nadhani sasa ni wakati wake.

Bweni simu haziruhusiwi. Na mimi sikutaka kupoteza cheo. Kwa hiyo kabla ya kwenda shule niliifundisha ile laptopu ujanja. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi ichukue kurasa zangu, iandike juu yake tarehe ya siku hiyo, izirushe mtandaoni kwa jina langu. Mhandisi aone kijana hajalala.

Nilidhani inabadilisha tarehe tu. Kumbe ilikuwa inarusha ukurasa mzima, ile nakala ya zamani iliyomo tumboni mwake. Chochote nilichorekebisha kwa simu jioni, yenyewe alfajiri inakifunika. Nami nilikuwa nimeichongea ufunguo wake wa kuingilia, kwa hiyo kubadilisha neno la siri kulikuwa sawa na kubadilisha kofia.

Mwizi nilimlea mwenyewe. Na Shangazi akamlipia umeme.

"Kwa hiyo," Profesa akasema, akihesabu kwa vidole, "ile 'umehakikiwa leo' ya muhula mzima..."

"Hakuna aliyehakiki," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Ningeona afadhali wangecheka.

Nilichomoa waya kwa mkono wangu. Nikafungua sanduku, Profesa akachukua mali zake bila neno, na nyie hamumjui Profesa, kukaa kwake kimya ni adhabu. Kisha nikamwomba radhi Bundi, mbele ya wote, palepale nilipomchafua.

Mhandisi alipomfungulia, akajibu: "Sawa. Ukurasa wa tatu picha bado ni za zamani."

Mhandisi hakunifukuza. Alifanya kibaya zaidi. Aliniagiza nieleze yote hadharani bila kujipaka mafuta, na tangu sasa hakuna ukurasa wangu unaotoka bila Bundi kuusoma.

Basi funzo, ndugu wananchi. Ukiona mahali pameandikwa "imehakikiwa leo", uliza imehakikiwa na nani, na kama alikuwa macho.

Na mayai? Yalianguliwa yote, vifaranga wa manjano wakajaa chumba, wanakikundi wakapiga vigelegele, mashine ikabaki kwa Shangazi, na sote tukaishi kwa

"Yote?"

Samahani. Shangazi amesimama nyuma yangu. Sijui tangu saa ngapi.

"Yote, mwanangu?"

Sawa. Naandika.

Yalianguliwa ya trei za juu. Joto likipungua, baridi inaanza chini. Trei ya chini haikutoa hata kifaranga mmoja. Mayai yake tuliyafukia pamoja, yeye na mimi, nyuma ya nyumba, na hakunigombeza.

Trei ya chini, kama mnakumbuka, ilikuwa yake.

Jana alifunua cherehani. Anashona mchana, analea mayai ya watu asubuhi na jioni. Mimi nakata nyuzi na kushona vifungo mpaka shule ifunguliwe.

"Sasa ndiyo iko sawa?" nimemuuliza.

Ameshusha miwani, amesoma tangu juu mpaka hapa, kidole kikifuata kila mstari.

Imehakikiwa leo. Na Shangazi.