Sifuri ya Mabaka

Kiwandani walimwita Mabaka, kwa kuwa hata siku ya kuoa alikwenda na rangi masikioni. Kazi yake ilikuwa kupaka mapipa, lakini fahari yake ilikuwa ubao wa getini: AJALI ZILIZOMKOSESHA MTU KAZI MWAKA HUU. Chini yake alichora sifuri moja nene, iliyonona kuliko bosi mwenyewe.

Pipa lilipomwangukia mguuni, daktari alimwagiza alale, mguu uwe juu ya mto. Kesho yake asubuhi gari la kiwanda likapiga honi mlangoni.

"Mtu anaumwa huyu!" mkewe alifoka.

"Najua, shemeji," alisema msimamizi wa usalama, mpole utadhani amekuja kuposa. "Hatafanya kazi. Atakaa tu. Akikaa pale, hajakosa kazi. Asipokuja, ajali inahesabiwa."

"Baba watoto, unakwenda wapi na mguu umevimba hivyo?"

"Nikiwaharibia wenzangu sifuri, nitawatazama kwa jicho gani?"

Basi kila siku akabebwa juujuu, akawekwa kwenye kiti cha plastiki kando ya stoo, mguu unaning'inia. Stoo ilikuwa na kila kitu isipokuwa mto.

"Shikamoo, meneja wa kiti!" wenzake walimtania.

"Marahaba. Chapeni kazi, nawaona!"

Alicheka kuliko wao. Wakishapita, aliuma kola ya shati.

Mguu ukaanza kubadilika rangi, na rangi alizijua: nyekundu, zambarau, kisha nyeusi moja ambayo hakuwahi kuichanganya. Akaufunika kwa gunia. Utani ulikoma siku wenzake waliposikia harufu.

Hospitalini waliukata chini ya goti. Msimamizi akaja na machungwa.

"Pole sana, kaka. Ila daktari wetu anasema ni sukari, si pipa. Kwa hiyo umestaafishwa kwa ugonjwa. Sifuri yako ipo palepale, haijaguswa."

Mabaka alinyoosha mkono. "Nileteeni brashi. Nakuja kuandika moja."

"Ugonjwa hauandikwi ubaoni, kaka." Akamenya chungwa, akala mwenyewe.

Sasa Mabaka amelala nyumbani, kama alivyoagizwa. Jioni mkewe huja na mto, huinua shuka upande wa miguu, kisha husimama hapo ameukumbatia.

"Weka tu, mama watoto," Mabaka humwambia. "Bado unauma."