Pua ya Tamar

Waumini wa kanisa dogo la Thornclough hawakuwa watu wa mapambo. Kuta zao zilikuwa nyeupe, mabenchi yao magumu, na sala zao hazikujua kuisha. Kwa hiyo tajiri wa kiwanda cha sufu alipotaka kuweka dirisha la vioo vya rangi kwa kumbukumbu ya marehemu mkewe, lenye picha ya Yesu akiwabariki watoto, ugomvi ulizuka hata watu wa benchi moja wakanuniana.

"Leo picha, kesho mishumaa, keshokutwa tunambusu Papa wa Roma kiatu," alisema Ndugu Jabez Crowther, mzee wa kanisa, ambaye hajawahi kukipenda kitu kipya.

"Wewe hakuna anayekutaka umbusu chochote, Ndugu Jabez. Inua miguu nisugue hapo."

Aliyemjibu ni Keziah Holroyd, mjane, msafishaji wa kanisa, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Alikuwa na sababu yake ya kulitetea dirisha. Fundi mchoraji, Bwana Pilling, alipokuja kuchukua vipimo, alimwona binti yake Tamar akipita na ndoo, akamkalisha kwenye ngazi ya mimbari na kumchora. Mmoja wa watoto wa dirishani angekuwa na sura ya Tamar. Keziah alijifanya hajali, lakini chai ya jioni haijapoa mtaa mzima ulikuwa umeshajua.

Majira ya baridi yakaja na ugonjwa wa koo, ukapita nyumba kwa nyumba, na Tamar akaondoka nao. Watu wa hali ya Keziah hawakuwa wakipigwa picha. Hakubakiwa na sura ya mwanawe ila ile iliyokuwa karakanani kwa Bwana Pilling, imechorwa kiooni, ikingoja kuingizwa tanurini.

Siku dirisha lilipokamilika, Keziah alisimama mbele yake bila kulia.

"Pua umeinyoosha," alimwambia fundi. "Ya Tamar ilipinda kidogo, hivi." Akaonyesha kwa kidole kwenye pua yake mwenyewe.

"Ningeipinda, mama, watu wangedhani mkono wangu uliteleza."

"Wangedhani ni Tamar."

Lakini aliizoea. Kila Jumamosi alipanda ngazi na kuuosha uso ule kwa maji ya magadi na kitambaa laini, akiusemesha habari za wiki: nani kaolewa, nani kafukuzwa kiwandani. Hakikuwapo kioo kilichong'aa kama kile katika bonde zima, naye alijivunia.

"Dada Keziah, utaisugua sanamu hiyo mpaka iungame," Jabez alimtania.

"Ikiungama nitakuita uje ujifunze."

Miaka ikapita. Watu wa Thornclough waliimba kwa nguvu huku madirisha yamefungwa, na mvuke wa pumzi zao ukatiririka kwenye vioo. Nyusi za Tamar zikaanza kufifia. Keziah akadhani ni macho yake, akanunua miwani sokoni. Kwa miwani aliona vizuri zaidi kwamba na mdomo nao unakwenda. Akaogopa, na kwa kuogopa akazidi kusugua.

Mwishowe likabaki gauni la buluu, na juu yake kipande cha kioo cheupe.

Bwana Pilling aliitwa, amekwisha kuota mvi. Alipitisha kidole pembeni pa kioo, kikatoka na unga mweusi wa rangi.

"Ni boraksi, aina ya chumvi," alisema. "Mafundi wengi tuliitia kwenye rangi ya kuchorea nyuso, ili iive kwa moto mdogo. Unyevu unaila."

"Na kitambaa changu?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Kiliharakisha, mama."

Jabez alikuwa amekuja kusikiliza. Alisogeza kiti, akamkalisha Keziah. Mwanamke yule sasa alijua kwamba mwanawe amemfuta kwa mkono wake mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa mapenzi.

"Mchoro wako upo?" aliuliza.

"Mchoro tunaukata vipande, ndivyo vigezo vya kukatia vioo. Haubaki." Akatoa penseli na karatasi. "Lakini wewe ulimzaa. Nieleze, nitachora upya, na safari hii rangi nitaichoma vizuri."

Keziah akafumba macho. Uso ukamjia upesi, paji, mashavu, mdomo, na pua iliyonyooka. Akafumbua macho.

"Pua ilipinda," akasema.

"Upande gani?"

Akainua kidole mpaka kwenye pua yake. Akakipeleka kulia. Akakirudisha kushoto. Kikabaki hapo katikati.

"Ndugu Jabez, wewe ulikuwa ukimwona kila Jumapili. Ilipinda wapi?"

"Nilikuwa nimefumba macho, Dada," mzee alisema polepole. "Nilikuwa nasali."

Penseli ilikuwa ikingoja. Keziah akateremsha mkono, akauweka mapajani.

"Inyooshe tu," akasema.