Kanda ya Mama na Watu Waliohama

Pamba mbichi iliyolala juani ina harufu yake, kavu, yenye vumbi na mafuta kidogo ya mbegu, na mimi kila nikiinusa nasikia ngoma. Msinicheke. Mama yangu alikuwa akichambua kitonge cha pamba hiyo, anakitandaza kikawa utando mwembamba, kisha anakibandika juu ya vitundu vya kinasa sauti cha redio kaseti yake, ili upepo wa kiangazi cha Bariadi usiingie kwenye kanda. Hakufundishwa na mtu. Miaka ile soko huria ndiyo kwanza limefunguliwa, tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, maduka yalijaa redio za kila umbo, na baada ya mavuno mazuri wenzake walinunua vitenge na masufuria. Yeye akarudi na redio kichwani, amenyooka kama mwari. Baba aliguna tu. Penye nia pana njia, na mama yangu alikuwa na nia ya kutosha nyumba mbili.

Nia yenyewe ilikuwa shangazi Kabula, dada yake baba, aliyeachika na kuja kuishi kwetu. Mawifi hao walitaniana kutwa, huyu akimwita mwenzake mvivu, yule akijibu kwamba uvivu ameukuta hapa hapa. Lakini shangazi akiimba, mama aliacha hata ugali uungue. Shangazi alikuwa manju, yaani kiongozi wa kikundi cha ngoma, mtungaji na mwimbishaji, kazi ambayo kwetu ilizoeleka kuwa ya wanaume. Babu, aliyekuwa kijijini Bukundi na miguu imeshaishiwa nguvu, alipopata habari akatuma neno: binti yake aweke usinga chini, arudi nyumbani, mwanamke hawezi kuvuta watu uwanjani. Neno la babu halikuwa la kujadiliwa. Shangazi alilia siku nzima, nami nililia naye. Mama ndiye aliyesema, “Hajakusikia huyo mzee. Ngoja akusikie.”

Akarekodi nyuma ya nyumba. Loo, ulinzi ule! Kuku walifungiwa, sisi watoto tukakatazwa kukohoa, na betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi zipate nguvu. Sauti ilitoka safi, unasikia hadi shangazi anavyovuta pumzi. Tukaenda Bukundi, mama, shangazi na mimi. Kwa heshima ya mkwe, mama hakuingia alikokaa babu. Alikaa nje, nyuma ya ukuta, mimi nikatumwa ndani na redio. Babu alisikiliza mpaka mwisho. “Sauti nzuri,” akasema. “Lakini watu wako wapi? Ameimba peke yake kama anayefukuza ndege kwenye mtama. Chema chajiuza. Aweke usinga.” Shangazi akajifunika kanga usoni. Nilimsikia mama, kule nje, akisonya, na mama hakuwa mtu wa kusonya ovyo. Kutoka kule kule nje akaomba wifi yake apewe nafasi ya shindano moja tu. Babu akakubali.

Asiyejua ngoma za kwetu aelewe hili: vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huku na huku, na watazamaji humwendea anayewapendeza. Aliyebaki na watu ndiye mshindi. Siku ya mashindano kila mtu alitaraji mama ataiweka redio karibu na shangazi, mbali na ngoma za wapinzani. Mama akapita, akachomeka mti wenye panda katikati ya vikundi viwili, akainingʼiniza pale, akaigeuza mgongo uelekee upepo na kubandika pamba yake. Watu wakasema wifi mtu kaingiwa na husuda, anawarekodia wapinzani. “Semeni, nikimaliza nitawasikiliza,” akawajibu, na akasimama kando ya mti ule jua likimchoma, asitingishe hata bega, yeye aliyependa kucheza kuliko kula! Namwona hadi leo. Sijapata kumwona mtu mzuri kama yule.

Bukundi tena, ukuta ule ule, mama nje. Nikabonyeza. Mwanzoni ngoma za wapinzani zilivuma hadi shangazi akamezwa, na babu akaanza kutikisa kichwa. Kisha zikasikika nyayo. Nyayo nyingi, zikipita karibu kabisa na redio, vigelegele vikihama navyo kutoka upande ule kuja upande huu, na kibwagizo cha shangazi kikaitikiwa na watu kumi, na mia, hadi ngoma ya wapinzani ikabaki inalia yenyewe kwa mbali. Babu alishika gongo lake kwa mikono miwili. “Wamehama,” akasema polepole. Kisha akacheka, akapaza sauti kuelekea ukutani, akimshukuru mama kwa Kisukuma: “Mayu, wabeja! Wabeja sana! Mwambie mtoto arudishe nyuma, nisikie tena wanavyohama.” Jioni ile aliagiza usinga wake wa umanju wa ujanani utolewe darini, akampa shangazi mkononi.

Mama hayupo sasa. Simu za leo zinarekodi vizuri mno, hazihitaji pamba wala jua, na vijana wa Bariadi wana studio zenye kuta za sponji asisikike hata mbu. Sidharau. Mwanangu amefanya kazi huko, na mwaka huu aliichukua kanda ile akaisafisha kwenye kompyuta: akatoa vumbi, akatoa nyayo, akatoa ngoma za wapinzani, ikabaki sauti ya shangazi tupu, tamu ya kutoa machozi. Tukampelekea shangazi mwenyewe, mzee sasa, macho hayaoni vizuri. Tukamvalisha vile vya masikioni. Alisikiliza, akainamisha kichwa, akawa kama anatafuta kitu, kisha akavivua akanigeukia.

“Nzuri,” akasema. “Lakini watu wako wapi? Na wifi yangu mmemweka wapi?”