Ramani Mbili za Bibi Gunnel

Harufu ya karatasi kuukuu na kahawa hunirudisha mpaka leo jikoni kwa Bibi Gunnel, jirani yetu wa Rissne, huku Uswidi, theluji ikiyeyuka na kudondoka dirishani, nami nina miaka kumi. Mezani zilitandazwa ramani mbili za nyika za Amerika. Shangazi yake alihamia huko zamani, reli ilipokuwa ndiyo kwanza inafika, na Bibi Gunnel alitaka kujua jambo moja tu kabla macho yake hayajazimika kabisa: nyumba ya shangazi ilikuwa kitone kipi. Baba alikuwa mpima ardhi Burundi. Huku alisafisha ndege za abiria. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Mama akicheka, akamsukuma aende.

Baba, mtoto wa milima, aliitazama ramani ya kwanza akanuna. Mistari ya kuonyesha miinuko ilikuwa miwili mitatu tu, imelala mbalimbali. Akasema aliyeichora alikwenda kula akasahau kurudi, maana nchi isiyo na kilima hata kimoja hakuwahi kuiona. Kisha nikamsomea kwa Kiswahili barua ya shangazi: ukisimama mlangoni, tangi la maji la treni huziba kanisa, ukisimama dirishani, ghala la ngano huziba stesheni. Baba akaweka rula, akavuta mistari miwili kwa penseli. Sijapata kumwona ametulia vile. Ilipokutana palikuwa na kitone cheusi. Bibi Gunnel alikigusa kwa kidole akalia, nami nilijaa fahari.

Akauliza kama nyumba bado ipo. Baba akavuta ramani ya pili, iliyochorwa miaka mingi baadaye. Reli ilikuwepo, kijiji hakikuwepo.

"Umwambie hakuna kitu," Baba akaniambia taratibu. "Hata stesheni walishaifuta."

Nikamwambia Bibi Gunnel kwa Kiswidi kwamba nyumba ipo, na miti imeota mlangoni. Baba alikunja ramani, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hakuelewa nilichosema.

Siku hizi macho yaliyofifia ni ya Baba. Juzi aliniomba nimtafutie kilima chetu cha Burundi kwenye simu, katika zile picha zinazopigwa kutoka angani. Ramani za leo huonyesha hata kivuli cha mti, hazikuachii pa kuota ndoto. Palipokuwa na nyumba yetu niliona mikaratusi mitupu.

"Nyumba ipo?" akauliza.

Nilikwisha fungua mdomo. Akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "mimi usinitafsirie."