Samaki Wadogo wa Bwawa la Magoma

Magunia ndiyo yaliyonipeleka Korogwe. Katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Magoma, watu walikuwa wameosha kijitoni magunia ya mbegu zilizopakwa dawa yenye zebaki, na kijito hicho ndicho kilichojaza bwawa lao la samaki. Wilaya ikapiga marufuku uvuvi hadi samaki wapimwe. Mimi nilikuwa kijana wa maabara Dar es Salaam, suruali ya bugaluu, majivuno tele.

Saa sita mchana tulishuka kwenye basi Segera kunywa chai. Abiria mwenzangu aliuliza kasha langu lina nini. Nikamwambia ni tupu, la kuwekea samaki.

"Unatoka baharini kwenda kutafuta samaki Korogwe?" akasema, na meza nzima ikanicheka.

Usiku huo nililala kwa shangazi, Kilole, hapo Korogwe mjini. Asubuhi nikanunua barafu, nikapanda lori la Magoma.

Magoma nilipokewa na Mama Hadija, mwenyekiti wa kamati ya bwawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa hicho unachopima ni nini hasa?"

Nikamweleza kuwa zebaki haina sura moja: ipo inayopita tu mwilini, na ipo inayong'ang'ania na kuharibu ubongo, hasa wa mtoto. Tungepima zote mbili, pamoja na seleni, madini yanayodhaniwa kupunguza makali yake.

"Na ukiikuta hiyo mbaya?"

"Bwawa litafukiwa, mama."

Akanisimulia habari ya bwawa lao. Walikuwa wamelichimba kwa majembe kiangazi kizima, wakiimba. Hata leo nikikumbuka nyimbo alizonisimulia, moyo wangu hulainika.

Kesho yake nilipaswa kusimama kando ya wavu, nione mwenyewe samaki wakitoka majini. Badala yake nilikalishwa mkekani kwa uji na mihogo, nami nikakaa. Nilipomaliza, perege kumi na wawili wanono walikuwa tayari. Nikawapanga kwenye barafu, nikaaga.

Mchana, nikingoja basi kituo cha Korogwe, nilimwona Mama Hadija akishuka kwenye lori, kanga imejaa vumbi, ndoo mkononi.

"Mwanangu, wale si wa bwawani. Tuliwanunua jana kwa wavuvi wa mtoni. Wetu ni wadogo, tukaona aibu kumpa mgeni wa Dar." Akafunua ndoo. "Wetu ni hawa."

Walikuwa wadogo kama vidole. Nilikasirika, kisha nikaona haya, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa langu.

"Mama, ungenyamaza, bwawa lingepona."

"Najua. Lakini wajukuu zangu watakula hawa, si wale wako."

Wanono nikampelekea shangazi, akasema safari yangu ina faida. Wadogo nikaondoka nao.

Dar es Salaam tulipima kwa siku kadhaa. Zebaki mbaya ilikuwemo, lakini kidogo sana, na seleni ilikuwa ya kutosha. Marufuku ikaondolewa.

Tangu hapo nimepima samaki wengi, kwa mashine bora kuliko zile. Kila anayeniletea sampuli namuuliza kama aliwaona wakitoka majini, na vijana wananiona mzee msumbufu. Sina neno. Ila huwatazama wanaponijibu, nikijiuliza ni nani kati yao angepanda lori kuniletea samaki ambao wangeweza kumnyang'anya bwawa lake.